Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeapa uraia huko Texas

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na hongera kwa kuapa uraia. Uliniuliza kwenye simu ni chama kipi huko Marekani kilicho cha watu kama sisi, yaani Waafrika, wahamiaji, watu wa dini na watu wa kazi za mikono, nami niliona swali hilo halifai kujibiwa kwa sentensi mbili. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wengi wanaozungumza Kiswahili huko Columbus, Minneapolis na Dallas wanajiuliza hilohilo, na majibu wanayoyapata mitandaoni yana ushabiki wa Simba na Yanga kuliko maelezo. Kura ni haki nzito mno kuachiwa ushabiki.

Kwanza nakuomba uiweke kando picha ya chama uliyokulia nayo Tanzania. Huku chama kina kadi, ada, mwenyekiti na vikao. Mtu anaweza kuongoza kura za maoni, yaani uchaguzi wa kumpata mgombea wa chama, jimboni kwake na bado jina lake likakatwa na vikao vya juu, wala hakuna anayeshangaa. Huko vikao vya chama havina uwezo huo. Mwaka 2016 Donald Trump, ambaye hakuwa amewahi kushika wadhifa wowote wa umma, aliwashinda magavana na maseneta katika kura za maoni za Republican, kimoja cha vyama viwili vikubwa vya huko, ingawa wazee wengi wa chama hawakumtaka. Juni 2025 Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala, alimshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo katika kura za maoni za Democratic, chama kikubwa cha pili, za umeya wa New York, na Novemba akachaguliwa kuwa meya. Sura ya chama hufuata wale wanaojitokeza kukichagulia wagombea, na ndiyo maana anayekuambia kwamba chama fulani kimekuwa hivyo tangu zamani anakupotosha.

Utasikia, kwa mfano, kwamba Republican ndicho chama kilichowakomboa watumwa. Ni kweli. Kilianzishwa mwaka 1854 na watu waliopinga utumwa kuenezwa katika maeneo mapya ya magharibi, na Abraham Lincoln, aliyechaguliwa mwaka 1860, ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Democratic, ambacho ni kikongwe zaidi, kwa karibu miaka mia moja baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kilikuwa ndicho chama cha Wazungu wa majimbo ya Kusini, na viongozi wake ndio waliotunga na kuzilinda sheria za ubaguzi katika majimbo hayo. Mwingine atakuambia kwamba Democratic ndicho chama cha haki za watu weusi, naye ana ushahidi wake. Franklin Roosevelt, kwa ajira na misaada ya serikali katika miaka migumu ya 1930, alianza kuwavuta wapiga kura weusi waliokuwa bado waaminifu kwa chama cha Lincoln. Kisha mwaka 1964 Lyndon Johnson, Mdemokrat na mtu wa hukohuko Texas, akaitia saini Sheria ya Haki za Kiraia iliyoharamisha ubaguzi.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huruka jambo, nami nataka ulijue. Bungeni, sheria hiyo iliungwa mkono na sehemu kubwa zaidi ya Warepublican kuliko ya Wademokrat, kwa kuwa Wademokrat wa Kusini waliipinga kwa nguvu zao zote. Lakini mgombea urais wa Republican wa mwaka huohuo, Seneta Barry Goldwater, naye aliikataa. Alishindwa vibaya nchi nzima, akaambulia jimbo lake la Arizona na majimbo matano ya Kusini, likiwemo Georgia ambalo halikuwa limewahi kumpa kura mgombea urais wa Republican. Tangu hapo Wazungu wa Kusini walihamia Republican polepole, kwanza katika uchaguzi wa rais, halafu katika nafasi za majimbo. Texas unakoishi ilimpigia kura Mdemokrat wa urais kwa mara ya mwisho mwaka 1976, alipokuwa Jimmy Carter, na baada ya mwaka 1994 hakuna Mdemokrat aliyeshinda nafasi yoyote inayopigiwa kura na jimbo zima. Kwa hiyo historia haitakuchagulia. Itakusaidia tu kumkatiza anayeitumia nusu.

Leo mvutano mkubwa ni juu ya kazi ya serikali. Wademokrat wanaamini kwamba serikali ina wajibu wa kumwinua mnyonge kwa bima ya afya, kima cha chini cha mshahara, ulinzi wa vyama vya wafanyakazi na kodi kubwa kwa matajiri. Warepublican wanaamini kwamba kodi ndogo na kanuni chache humwachia mtu na mfanyabiashara nafasi ya kujijenga, na kwamba mengi yaachiwe majimbo, familia na makanisa. Sheria ya bima ya afya ya Barack Obama ilipita mwaka 2010 bila kura hata moja ya Republican. Sheria ya kodi ya mwaka 2017, iliyoshusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, ilipita bila kura hata moja ya Democratic.

Usiishie Washington, kwa kuwa tofauti hizi utazigusa kwa mkono wako ukijilinganisha na binamu yako wa Minneapolis. Wewe hukatwi kodi ya mapato ya jimbo hata senti, yeye hukatwa. Kima chako cha chini ni dola 7.25 kwa saa, kilekile cha taifa ambacho hakijapanda tangu mwaka 2009, na cha jimbo lake la Minnesota ni zaidi ya dola 11. Watoto wake wanapata kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni bila malipo kwa sheria ya jimbo ya mwaka 2023. Texas imekataa kupanua bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, hivyo mtu mzima wa chini ya miaka 65 asiye na mtoto, mimba wala ulemavu hapati bima hiyo hata awe maskini kiasi gani. Hili la mwisho linaniuma, na sitakuficha, kwa sababu nawajua watu wetu wanaovumilia ugonjwa kwa kuogopa bili.

Lakini najua pia linalowapa shida waumini wengi miongoni mwenu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilipofuta uamuzi wake wa mwaka 1973 uliohalalisha utoaji mimba nchi nzima, suala hilo lilirudi kwa majimbo: Texas imeupiga marufuku karibu wote, Minnesota imeulinda kisheria. Mtu anayeupinga utoaji mimba kwa imani yake na papo hapo anataka mtoto wa jirani atibiwe hapati chama kinachombeba mzima. Asikuambie mtu kwamba kujikuta hapo ni udhaifu wa akili.

Kuhusu wahamiaji, kumbuka kwamba bahati nasibu ya viza iliyokupeleka huko imetokana na sheria iliyotiwa saini mwaka 1990 na George H. W. Bush, Mrepublican, na kwamba Bill Clinton, Mdemokrat, ndiye aliyetia saini sheria kali ya uhamiaji ya mwaka 1996. Sasa umbali kati ya vyama hivyo ni mkubwa. Trump aliweka kikomo cha wakimbizi 15,000 kwa mwaka wa fedha 2021, Joe Biden akakipandisha hadi 125,000 kuanzia mwaka wa fedha 2022, na Januari 2025 Trump akausimamisha mpango wenyewe wa kupokea wakimbizi, huku ndugu zetu Wakongo wakiwa miongoni mwa waliokuwa wakisubiri. Kwenye misaada kwa Afrika nako ni hivyohivyo. Mpango wa dawa za UKIMWI uliookoa maisha ya watu wengi sana Tanzania na Kenya ulianzishwa na Mrepublican, George W. Bush, mwaka 2003. Shirika la misaada la USAID lililokuwa likiuendesha kwa sehemu kubwa lilivunjwa mwaka 2025 na serikali ya chama hichohicho.

Sasa utaratibu. Texas haikusajili kwa chama. Unajiandikisha kuwa mpiga kura tu, angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Kura za maoni ni Jumanne ya kwanza ya Machi katika miaka shufwa, na kituoni utasema unataka karatasi ya chama kipi. Kama kinachokuhangaisha ni gavana, kwa miaka 30 sasa nafasi hiyo imekuwa ikiamuliwa hasa katika kura za maoni za Republican. Kama ni mbunge wa mtaa wako, viti vingi vya ndani ya Houston huamuliwa katika zile za Democratic. Ukishapiga za chama kimoja Machi, huruhusiwi kushiriki marudio ya chama kingine mwezi Mei, yanayofanyika pale mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura, ila kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba hufungwi na lolote ulilofanya.

Mjomba wako