Wanaojitolea mitaani wapewe angalau nauli

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu hawa watu wanaojitolea kwenye mitaa ya hapa Kampala kama Bwaise, Katanga, Namuwongo na kwetu Katwe, maana kwenye mikutano tunawapigia makofi sana ila mkutano ukiisha hakuna anayeuliza yule mama wa VHT (timu ya afya ya kijiji) amefikaje mpaka nyumba ya mwisho kule mtaroni, na amekula nini.

Mpango wa VHT ulianza 2001. Hawana mshahara. Walisema kila mmoja ashike nyumba kama 25 hadi 30, sawa, kijijini inawezekana, lakini mjini ua mmoja una vyumba kumi vya kupanga na kila mlango una familia yake, wengine wamehamia jana wengine wanahama kesho, na huyu mama ndiye anatakiwa ajue mtoto gani hajachanjwa, nani ameacha dawa za TB, mja mzito gani hajakanyaga kliniki. Na kweli anajua! Ukitaka kuamini mfuate siku moja tu asubuhi.

Chukua Bwaise. Pale palikuwa kinamasi, mvua ikinyesha saa moja tu maji yanaingia ndani, yanaingia na vyooni, halafu yanarudi kwenye chemchemi tunazochota. Mwaka 2015 taifodi ilisumbua Kampala nzima na maji machafu ndio yalikuwa shida kubwa. Sasa mambo ya kuchemsha maji wakati mkaa umepanda bei huwezi kumfundisha mtu kwa bango la barabarani, anataka mtu anayemjua akae naye kwenye mkeka wapige hesabu ya huo mkaa pamoja.

Masomo pia. UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, tangu 1997 imeondoa ada, lakini yunifomu, madaftari na chakula cha mchana bado ni mzazi. Halafu corona ikafunga shule kuanzia Machi 2020, madarasa mengine hayakurudi mpaka Januari 2022, na watoto wetu hawakuwa na simu za kusomea wala nini. Vijana waliomaliza S6 (kidato cha sita) hawana kazi ndio waliwakalisha barazani wakawafundisha kusoma, chaki wanachangishana wenyewe. Mimi hao nawaheshimu kuliko watu wengi wenye vyeo, nasema ukweli wangu.

Wapo pia wanaokuja Jumamosi na tisheti mpya, wanagawa biskuti, wanapiga picha na watoto, jioni wamepotea. Siwakatai, njaa ni njaa. Ila naomba wakija waanze kwa wenyeji wanaojitolea wawaulize nini kinakosekana, maana mara nyingi kinachokosekana ni gambuti, mwavuli, pesa ya boda usiku mgonjwa akizidiwa, na airtime ya kupigia kituo cha afya. Vitu vidogo kabisa.

Jambo lingine ni lugha. Katwe na Nsambya wamejaa ndugu zetu Wakongo, akina mama wengi hawasomi Kiingereza wala Kiganda, sasa karatasi za chanjo zikija kwa lugha hizo mbili wanazipokea kwa heshima tu wanafungia maandazi. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, basi Wizara ya Afya na KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) wachapishe na za Kiswahili, wajitolea wanaokijua wapo tayari kuzisambaza na kuzieleza.

Na wenyeviti wetu wa LC1, yaani baraza la mtaa, nawaomba hivi, mitaa mingi ile ofisi inafunguliwa siku ya mkutano tu au mtu akitaka barua, siku nyingine kufuli. Wapeni hawa vijana ufunguo kuanzia saa kumi jioni watoto wasomee humo, hasa msimu huu wa mvua ambapo baraza zote zimelowa.

Ni mimi msomaji wako,
Mkazi wa Katwe, Kampala