Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: watoto wetu wanajifunza nini kwenye historia na jiografia

Walimu wenzangu, salaam, na poleni na majukumu, najua wengi mnasoma hii huku rundo la madaftari liko pembeni linasubiri kusahihishwa.

Huu mwaka umekuwa mzito kwa sababu tumebeba mitaala miwili kwa wakati mmoja. Vidato vya chini wako kwenye mtaala mpya ulioanza nchini Januari 2024, wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, halafu vidato vya juu wanamalizia Civics na History ya zamani kwa Kiingereza. Mwalimu anatoka darasa moja anaingia la pili anageuza lugha, anageuza notsi, yaani mnajua wenyewe. Vitabu vimetusumbua tena, kuna shule mwanachama alifundisha karibu muhula mzima na kitabu kimoja akawa anaandika ubaoni mpaka chaki inaisha.

Ila kuna jambo nataka nilieleze taratibu. Mwezi wa saba nilikuwa na kidato cha nne tunarudia topiki za nyuma kwa ajili ya Nekta, mtihani wa taifa, tumefika safari ya Wangoni kutoka kusini mwa Afrika. Wamekariri vizuri sana, kiongozi wao Zwangendaba, kuvuka Zambezi 1835, kufika Ufipa, kifo chake, makundi kugawanyika, na matokeo yake wanayataja kwa Kiingereza bila kukosea hata moja. Nikawauliza, haya nani humu ndani ni Mngoni? Kimya kwanza, halafu mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja, watatu, mwisho zaidi ya nusu ya darasa. Tuko Songea jamani! Binti mmoja wa mbele akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu hawa ni sisi?" Miaka mitatu kasoma habari za bibi yake mzaa babu akadhani ni za watu wengine kabisa. Sikulala vizuri siku ile, maana aliyemfundisha ile topiki kidato cha pili ni mimi.

Ndiyo maana mwaka huu kamati ilisukuma sana suala la watoto kuanzia nyumbani. Februari 27 tuliwapeleka vijana kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji, vita vya kuwapinga Wajerumani, pale makumbusho, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu hapa hapa mjini. Darasani tunafundisha sababu za vita, pamba ya kulazimishwa, kodi, Kinjekitile na maji yake ya kuzuia risasi kule Ngarambe, sawa. Lakini mzee mmoja aliwaambia vijana kwamba kwao hadithi iliyobaki siyo ya risasi, ni ya njaa, Wajerumani walichoma mashamba na maghala watu wakala mizizi. Watoto wa wakulima wa mahindi waliielewa hiyo hapo hapo. Wakauliza pia kuhusu Rais wa Ujerumani, Steinmeier, aliyekuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, mbona imechukua zaidi ya miaka mia moja, na msamaha ukishaombwa kinafuata nini. Maswali ya namna hiyo hayapo kwenye mitihani yetu na mimi naona ndiyo somo lenyewe.

Jiografia nimefurahi. Kusoma ramani kulikuwa kunawakimbiza watoto, mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, wanaiona kama alama za kidole tu. Mwanachama wetu mmoja akaleta viazi vitamu darasani, kila kundi likakata kiazi nusu, likakikata tena vipande vya unene uleule kuanzia juu kwenda chini, kila kipande kinawekwa kwenye karatasi kinazungushiwa penseli, kikubwa kwanza halafu kidogo juu yake. Upande wa kiazi uliosimama mistari ikabanana, upande uliolala ikaachana. Kijana aliyekuwa anapata sifuri kwenye ramani akanyoosha kidole dirishani, "basi kilima cha Matogoro upande huu mistari itabanana". Nikitembelea shule yake tena nitambebea kiazi kingine.

Hela kwa kifupi: ada wengi mmelipa, asanteni, nauli ya Februari ilikula sehemu kubwa, na mweka hazina atasoma hesabu kamili mkutanoni. Ambao hamjalipa tafadhali mmalizie, tunataka kununua ramani kubwa za kuzungusha kati ya shule.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza amhoji mzee mmoja wa nyumbani, aandike kwa Kiswahili au kwa Kingoni kama mzee anaongea hicho, ukoo umetoka wapi, walikula nini, walisoma wapi. Madaftari tutayatunza kwa zamu kwenye maktaba za shule. Fomu ya maswali ninayo, anayeihitaji aichukue kwangu kabla shule hazijafunguliwa Januari, na wazee wengine wamechoka sana jamani, tusingoje muhula wa pili.