Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunahitaji Nahodha Asiyecheza

Ndugu wanachama,

Hesabu na matengenezo ya uwanja yamo kwenye makabrasha ya mweka hazina. Mimi naleta pendekezo moja la kamati: timu yetu ya tenisi inapokutana na wenzetu wa Bukoba na Musoma, iongozwe na nahodha asiyecheza.

Mfano wetu ni Yannick Noah, mzaliwa wa Sedan, Ufaransa, aliyekulia Yaoundé. Mwaka 1983 alitwaa ubingwa wa Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, kwa kumshinda Mats Wilander seti tatu kwa bila. Kwetu, hata hivyo, somo kubwa liko kwenye kiti cha nahodha. Katika fainali ya mwaka 1991 ya Kombe la Davis, shindano la timu za mataifa, mjini Lyon, timu ya Ufaransa ilikutana na Marekani ikiwa haijalibeba kombe hilo tangu 1932. Noah, nahodha wa Ufaransa, alimpanga Henri Leconte, aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Guy Forget alishindwa na Andre Agassi, lakini Leconte akamshinda Pete Sampras seti tatu kwa bila. Kesho yake Forget na Leconte wakashinda mchezo wa wawili wawili, kisha Forget naye akamshinda Sampras: 3-1. Nahodha anayepanga timu kwa kutazama orodha ya ubora tu asingethubutu. Noah alitwaa tena kombe hilo akiwa nahodha mwaka 1996 na 2017.

Wachezaji hubadilishana pande baada ya geimu ya 1, 3, 5 na kuendelea. Baada ya ile ya kwanza hakuna kukaa. Baada ya nyingine kuna sekunde 90, na seti ikiisha 120. Ukitoa maji na taulo, muda uliobaki unatosha agizo moja tu. Nahodha anayecheza uwanja wa pili hawezi kulitoa, na hapo ndipo tunapoumia, hasa mchana upepo unapovuma kutoka ziwani. Anayeupa mgongo mipira yake mirefu huvuka mstari wa nyuma. Anayeukabili hupiga fupi, mpinzani akasogea wavuni na kummaliza. Servisi, yaani pigo la kuanzisha mchezo, nayo huharibika kwa sababu mpira uliorushwa juu sana husukumwa mbali na raketi. Aliyekaa pembeni huyaona haya mapema: rusha chini kidogo, acha lobu (mpira wa juu wa kumvuka mpinzani) upande huu.

Kamati inataka nahodha ahudhurie mazoezi yote ya timu, na orodha yake ya wachezaji isibadilishwe na kiongozi yeyote, mimi nikiwemo. Majina ya wagombea yakabidhiwe kwa katibu kabla ya kikao cha leo kufungwa.