Sheria itangulie kupasua miamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa uchimbaji mafuta kwa kupasua miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa huko Northwest Territories, kaskazini mwa Kanada. Tangu Aprili 1, 2014, mamlaka juu ya ardhi na maji ya umma yako mikononi mwa serikali ya eneo hilo, hivyo wabunge wa Yellowknife, mji mkuu wake, hawawezi tena kuisingizia Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada.

Visima viwili vilipasuliwa Sahtu, mkoa mmojawapo wa eneo hilo, mapema mwaka huohuo. Kemikali zinazochanganywa na maji ya kupasulia zikivuja, nani atathibitisha chanzo ikiwa maji ya mahali hapo hayakupimwa kabla? Sheria izilazimishe kampuni kupima kwanza na kutaja hadharani kila kemikali. Siri ya biashara isiwe kichaka cha kujifichia.

Hoja kwamba mafuta yatashusha bei ya umeme hainishawishi. Mafuta ya Norman Wells, mji wa hukohuko Sahtu, yalianza kupelekwa jimbo la Alberta kwa bomba mwaka 1985, na bado vijiji vingi (ajabu kweli!) vinategemea jenereta za dizeli. Wabunge wadai vibali visimamishwe hadi Wadene na Wametisi, wenyeji wa asili wa Sahtu, washirikishwe kuandika kanuni.

Msomaji wenu,
Edmonton, Kanada