Mhariri, mmewatia watu hofu ya bure

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nikiwa mwanagenzi, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya Jumanne iliyopita kuhusu silaha za mawimbi, zile zinazopiga kwa mawimbi kama ya maikrowevu badala ya risasi, mliyoiwekea picha ya mnara wa simu, ndiyo iliyonishinda kuvumilia.

Mimi ni fundi. Kibanda changu kipo Kariakoo, natengeneza maikrowevu, redio na televisheni tangu 2004. Mwandishi wenu ametuambia kwamba majeshi makubwa yana silaha inayompika askari akiwa ndani ya kifaru, kisha akaongeza kuwa teknolojia hiyo hiyo imo kwenye minara ya mtaani na majiko ya nyumbani. Akaishia hapo. Ni kama mtu aliyetupa njiti kwenye makuti akaenda zake.

Jumatano jioni jirani yangu wa Tandika, mama anayeuza chapati, alisomewa habari hiyo na binti yake wakati maharage yanapashwa moto. Mama akachomoa waya hapo hapo, akamwita mpwa wake wa miaka kumi na saba aifungue maikrowevu, atoe "kidude cha mionzi", ibaki kabati la kuwekea chapati. Kijana akafungua skrubu za nyuma, akaingiza mkono. Humo ndani mna kopo la bati linaloenea kiganjani, ubavuni limeandikwa 2100V. Ndiyo kapasita. Linatunza umeme hata ukishachomoa waya ukutani, na ile rezista yake, kipande cha kuumaliza umeme huo taratibu, ikiwa imekufa, linabaki limejaa. Kijana alirushwa hadi kwenye ndoo ya maji. Nilipoitwa nilimkuta ameketi sakafuni, kucha ya kidole gumba nyeusi tii, vidole viwili vimekakamaa, na mama analia: "Fundi, baba yangu, mionzi imemkamata!" Nikamwambia, "Si mionzi, mama, ni umeme." Tukampeleka hospitali, wakampima moyo usiku kucha, asubuhi akaruhusiwa. Mama hajaniamini mpaka leo. Anasema kama ni uongo, gazeti lingeandikaje?

Mhariri, maikrowevu ya nyumbani inatumia mawimbi ya gigahezi 2.45, yaani yanatikisika mara bilioni 2.45 kwa sekunde, na wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 hivi. Angalia mlango wake: nyuma ya kioo kuna wavu wa chuma wenye matundu madogo kama ya chujio la chai. Mwanga unapita, ndiyo maana unauona wali ukizunguka, lakini wimbi la sentimita 12 haliwezi kupita hapo. Ikiwa bati jembamba na wavu vinazuia wati 800 zisitoke nje, chuma kinene cha kifaru kitashindwaje kumkinga aliyemo ndani? Fundi yeyote wa Kariakoo angemjibu mwandishi wenu swali hilo kabla chai haijapoa. Silaha ya kuwaelekezea watu ipo kweli, ni ya Marekani, inatumia gigahezi 95, na joto lake linaishia kwenye ngozi ya juu, halifiki hata nusu milimita. Mtu anahisi anaungua, anakimbia. Waliipeleka Afghanistan 2010 wakairudisha bila kuitumia. Sasa jiulize: mzee aliyebanwa katikati ya umati, asiye na pa kukimbilia, inakuwaje kwake? Swali hilo ndilo lililostahili ukurasa wa mbele. Ninyi mkamchukua mama wa Tandika na jiko lake mkamtisha nalo. Na hofu ya mnara ndiyo haina msingi kabisa: antena yake inatoa wati makumi kadhaa, tena zinatawanyika hewani mtaa mzima.

Kazi kubwa ya silaha hizi za mawimbi leo ni kuangusha droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani. Wamarekani wana moja inaitwa THOR, inabebwa kwenye kontena la futi 20, na mwaka 2023 waliijaribu New Mexico dhidi ya kundi zima la droni kwa mpigo. Haichomi mtu. Mawimbi yanaingia kwenye nyaya na antena za droni, yanazalisha umeme pasipotakiwa, saketi, ile njia ya umeme inayoiendesha, inachanganyikiwa au inaungua, droni inaanguka. Leza, inayopiga kwa mwali mwembamba wa mwanga, ni kitu kingine kabisa, na mwandishi wenu amevichanganya. Waingereza walitangaza Januari 2024 kwamba leza yao ya DragonFire imepiga shabaha angani huko Scotland, pigo moja kwa chini ya pauni 10. Na leza iliyotengenezwa makusudi kupofusha macho ya watu imepigwa marufuku kwa itifaki ya kimataifa ya 1995. Mstari mmoja tu juu ya hilo ungewapa wasomaji nafuu, nao hamkuuandika. Halafu zote hizi, za mawimbi na za leza, mnaziita "silaha za nishati ya moja kwa moja". Moja kwa moja wapi? Ni nishati iliyoelekezwa, kama maji ya mpira unaoushika na kuulenga mahali.

Kama mnatafuta kinachounguza saketi hapa Dar es Salaam, njooni kibandani kwangu. Asubuhi hii nina televisheni tano na friji mbili mezani, zote zimekufa umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Harufu ya chipu iliyoungua naijua kuliko manukato. Hilo sijaona mkiliandika tangu mwaka uanze, na watu wanapoteza friji walizodunduliza miaka miwili.

Ombi langu ni hili. Kila habari ya silaha za mawimbi ichapwe na namba tatu: kilowati ngapi, gigahezi ngapi, mita ngapi kutoka kwa mtu. Mwandishi asiyezipata arudi akazitafute, pale DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, wapo walimu watakaomsaidia. Ile picha ya mnara iombewe radhi ukurasa ule ule ilipotoka, kwa herufi za ukubwa ule ule. Nami nitakuja ofisini kwenu na maikrowevu mbovu na bisibisi yangu, niifungue mbele ya waandishi wote, niwaonyeshe kapasita inavyotolewa umeme kabla ya kuguswa. Siku yoyote isipokuwa Jumamosi, maana Jumamosi kibanda kinajaa.

Fundi wa vyombo vya umeme,
Kariakoo, Dar es Salaam