Rehema, usiitume hiyo barua

Tudor, Mombasa

Shoga yangu Rehema,

Assalaam aleikum. Hujambo, na baridi ya Cape Town je? Huku sote wazima. Kusi limeshika, mabati ya jirani yanalia usiku kucha. Mamako nilikutana naye Marikiti, mzima, kanunua embe na kulalamika bei, kama kawaida yake.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno ya Zuhura. Ameniambia umepata kazi kwenye kliniki Doha, na kwamba barua ya kujitoa chuoni ushaiandika, bado kuituma tu. Pale nilinyamaza kwa sababu ya watu waliokuwapo, lakini moyoni nilikataa, na hadi sasa nakataa. Usiitume, Rehema.

Najua ufadhili wa utafiti wako wa maumivu umekwisha. Najua jarida limekurudishia makala, na msimamizi wako hukujibu kwa mstari mmoja. Mshahara wa Doha si wa kuchezewa, na una wadogo zako wa kusomesha. Sikulaumu hata chembe. Ila hebu nikupe kisa.

Wiki iliyopita alinijia kwenye fizio, tiba ya viungo, kuli wa bandari ya Kilindini, baba wa makamo anayekaa Mtongwe, bahasha ya picha za MRI za mgongo ameikumbatia kifuani. Hata hajakaa akaniambia, "Daktari, mgongo wangu umekwisha, imeandikwa humu." Tangu mwaka juzi anaswali kwenye kiti. Viatu anavalishwa na mkewe. Nikamtazama anavyokaa: mkono mmoja gotini, wa pili kwenye ukingo wa kitanda, pumzi ameibana, anashuka kidogo kidogo huku macho yote kwangu. Nikapima nguvu za miguu, nikagonga magoti kwa nyundo, nikajaribu hisia za nyayo. Kila kitu sawa. Ripoti yenyewe inasema diski, vile vijimto vya kati ya pingili za mgongo, zimechakaa, basi.

Wewe ndiye uliyenitumia ule uchambuzi wa mwaka 2015, wa picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo. Wa miaka 20, asilimia 37 walikutwa na diski zilizochakaa. Wa miaka 80, asilimia 96. Na hawaumwi! Baba wa watu hakuna aliyemwambia haya. Aliambiwa asiiname tena, akatii.

Nikamweleza vile ulivyonieleza wewe. Kwamba maumivu yakidumu, neva huwa nyepesi kushtuka, na ndani ya uti wa mgongo ishara huongezwa nguvu kabla hazijafika ubongoni, jambo ambalo mtafiti Woolf alilionyesha mwaka 1983. Kwamba ubongo nao hupima hatari kwa kila ulichonacho, hofu, kukosa usingizi, mawazo ya karo, ndipo mtu akaumwa zaidi au kidogo. Sikumwambia anajidhania, maumivu yake ni ya kweli kabisa. Nilimwambia hayampimii mgongo umeharibika kiasi gani. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hivyo nikiinama sivunjiki?"

Nikatandika mkeka. Tulianza na magoti, tukaja viganja, mwisho paji la uso likagusa chini. Alikaa kwenye ile sijida muda mrefu, nami sikumharakisha. Nisikudanganye, bado anaumwa, na kurudi kwenye magunia ni safari nyingine. Lakini sijida ameipata.

Haya yote sikuyapata chuoni. Chuoni tulilisoma geti la Melzack na Wall la mwaka 1965, ile nadharia kwamba uti wa mgongo una lango la kupitisha au kuzuia ishara za maumivu, tukalijibu kwenye mtihani, tukaondoka zetu kwenda kwenye mashine za joto. Nimeyapata kwako. Na kila nikitaka kuzungumza na daktari wa mifupa aache kuwatisha watu, namwonyesha utafiti wa Australia, naye huniuliza wa hapa kwetu uko wapi. Wa hapa kwetu uko kwenye kompyuta yako, Rehema. Haujakamilika tu.

Na lile neno lako kwamba sayansi ya neva ina wenyewe, sisi watu wa fizio twabisha hodi tu, silikubali. Lorimer Moseley si alianza fizio kama sisi? Leo ni profesa na dunia nzima inamsikiliza kuhusu maumivu. Halafu wewe! Oktoba 2021, wanasayansi Julius na Patapoutian wamepewa Nobel ya tiba, ukanipigia simu unapiga kelele "pilipili, pilipili!", nikadhani umeungua jikoni. Kumbe ni kile kipokezi cha neva kinachoitikia joto na ukali wa pilipili. Mtu mwenye furaha ya namna ile kazi hii ni yake.

Sasa sikiliza. Kinachokukwamisha ni wagonjwa wa utafiti, na mimi wagonjwa ninao. Nimezungumza na mkuu wetu. Amekubali, bora kamati ya maadili ipitishe na kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya sayansi ya serikali, kiwepo. Karatasi nitazizungusha mwenyewe, ofisi hadi ofisi. Salim naye asema chumba cha juu kwa shangazi, Kisauni, ki wazi na hutalipa kodi. Hayo ya Doha sijui nikushauri vipi, labda waombe muda, au uende ukimaliza kukusanya data, au... tutazungumza.

Nijibu haya kwanza. Umebakisha sura ngapi? Chuo hakiruhusu kusimamisha masomo kwa muda badala ya kujitoa kabisa? Umeuliza, au umekata tamaa kabla ya kuuliza? Fomu za idhini ziko tayari nianze nazo? Doha wanataka jibu lini? Na mamako anajua? Maana pale Marikiti hakutaja lolote, nami sikuthubutu kumchokonoa.

Nipigie baada ya isha, hata kama ni kunigombeza.

Wako,
Mwanaisha