Barua kwa mwanangu Shija: dawa uzitoe kabatini

Tabora

Shija mwanangu,

Picha ya paja lako nimeipata. Baba yako kaitazama, kasema ni upele wa nyasi. Mimi nimekaa kwenye darubini ya maabara miaka zaidi ya ishirini, na huo si upele wa nyasi. Duara jekundu linalotanuka kila siku, haliumi, haliwashi, kwa mtu aliyetoka kutembea msituni Connecticut, huko Marekani, mwezi wa Juni! Daktari wako hakukosea kusema ni Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe. Jina lenyewe ni la mji wa hukohuko, ambako mwaka 1975 akina mama walianza kuuliza kwa nini watoto wao wanavimba magoti.

Kilichoninyima usingizi ni ujumbe wako wa pili, kwamba kipimo cha damu hakikuonyesha kitu, basi dawa umeziweka kabatini. Zitoe.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia vizuri. Ulipokuwa na miaka minne tulikwenda Urambo kwa bibi yako, wakati ule bado anakaa nyumba ya udongo. Wiki nzima ulilala naye mkekani. Tuliporudi mjini ukashikwa na homa, kichwa na kutapika. Nikakupa dawa ya malaria, siku ya tatu ukatoka jasho, ukaomba uji, nami nikajisifu. Baada ya wiki, homa ileile. Safari hii nikakutoa damu, lakini nilichelewa, joto limeshashuka. Nikatafuta malaria tu, sikuiona, nikaandika "hakuna" nikanawa mikono.

Homa iliporudi mara ya tatu, bibi yako ndiye aliyeuliza: "Papasi mmemfikiria?" Nikakutoa damu hapohapo ukitetemeka. Nikawaona: nyuzi nyembamba zilizojisokota kama unywele, katikati ya chembe nyekundu. Homa ya papasi, yule kupe wa nyufa za nyumba za udongo. Mimi mwenye kazi yangu nilikuwa nimetazama saa ambayo wamepungua kwenye damu. Hata sindano ya kwanza ya penisilini ilikutetemesha hadi nikapiga magoti, maana vijidudu hivyo vikifa kwa wingi, homa hupanda kwanza ndipo ishuke.

Sasa kijidudu cha Lyme ni ndugu yake. Wote ni borelia, bakteria waliojisokota kama uzi. Huyo wa kwenu amepewa jina la Willy Burgdorfer, aliyemtambua ndani ya kupe miaka ya 1980 mwanzoni. Tabia za wabebaji ndizo tofauti. Papasi hutoka ufani usiku, nusu saa hivi ameshiba, anarudi ukutani, hujui umeumwa. Kupe wa huko, akiwa mchanga, ni kama punje ya ulezi, na hung'ang'ania ngozini siku kadhaa. Mara nyingi hadi akuambukize awe amekaa zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana ukitoka msituni ujikague mpaka nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu. Mambo ya kiberiti na mafuta ya taa achana nayo.

Na kipimo chako hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili unatengeneza dhidi yake. Wiki za mwanzo kinga hiyo haijatosha kuonekana. Mwenye duara kama lako hutibiwa kwa duara lenyewe. Wapo wasiolipata kabisa, hao ndio wenye kazi.

Ukiacha dawa, mdudu huyo anaweza kuhamia kwenye mishipa ya fahamu uso ukapooza upande mmoja, au kwenye mapigo ya moyo, au magotini baada ya miezi. Kwa sasa ni doksisaiklini tu, miligramu 100 asubuhi na jioni, siku 10 kama ulivyoandikiwa. Kunywa na chakula na glasi nzima ya maji, usijilaze papo hapo, na vaa mikono mirefu, dawa hiyo haipatani na jua. Uchovu ukibaki baadaye, mtu asikuuzie dawa za miezi sita. Tafiti hazikuona faida yake.

Leo zungushia kalamu ukingo wa duara. Kesho ukiamka nipigie picha nyingine, kwetu itakuwa alasiri.

Bibi yako anakusalimu. Siku hizi ana sakafu ya saruji, lakini bado anauliza kama ukuta wa hosteli yenu una nyufa.

Mama yako